Picha Moja ya Osewe Mapicha

Nitakuambia habari za Osewe, na nitazisema vile mimi nazijua, kwa sababu mimi Aoko ndiye nilikuwa bibi yake na hao wengine wote wanahadithia tu. Uliza Kibera yote, kuanzia Kisumu Ndogo na mtaa wa Raila, shuka mpaka Silanga kwa wauza makaa, watakuambia Osewe Mapicha alikuwa mtu wa watu. Ni kweli. Alikuwa wa watu wote. Mimi nilitaka awe wangu kidogo, na hiyo ndiyo kesi yangu na yeye, hata sasa amelala.

Alitoka Ugenya akiwa kijana, akapata kibarua cha kufagia studio fulani huko River Road. Hakuna mtu alimkalisha chini akamfundisha. Alifagia huku akiangalia, akapangusa vioo huku akiangalia, na mwenye studio alipofunga biashara akamwachia kamera moja nzee, Yashica nzito ya chuma. Akaingia nayo Kibera. Wakati ananioa, hiyo kamera tayari ilikuwa bibi mkubwa. Ilikuwa na taulo yake nyeupe ya kulalia, na mimi sikuruhusiwa kujipangusa nayo hata nikinyeshewa vipi.

Kazi yake hasa ilikuwa Jumapili. Watu wakitoka kanisani wamevaa, watoto wamepakwa mafuta mpaka wanang'aa, Osewe yuko hapo nje na begi lake. Ndani ya begi kulikuwa na koti la suti, tai, maua ya plastiki na miwani ya jua, kwa sababu mtu wa Kibera hakuwa anapiga picha ya kujiangalia mwenyewe. Alikuwa anapiga ya kutuma nyumbani. Alitaka mama yake, huko Busia ama Siaya, aone Nairobi imempokea vizuri. Kwa hivyo ukimwona jirani amekalia sofa kwa picha, usifikiri ni yake. Kuna sofa moja ya landilodi wetu, yenye vitambaa vyeupe, ambayo imefika Western yote bila kutoka kwa ploti yetu ya vyumba vya kupanga.

Filamu hakuwa anaipeleka mjini kuoshwa mpaka iishe. Na alikuwa na sheria: picha za filamu ni za wateja, sisi wa nyumbani tutapigwa ile ya mwisho, ikibaki. "Ikibaki, Mama Chris," ndivyo alisema kila mara. Haikubaki. Kila filamu ikifika mwisho, kuna mtu anabisha mlango ana mtoto amebatizwa, ama dada yake anasafiri kesho, na Osewe hajui kusema hapana. Anaifungua taulo, anatoka, anarudi akiwa amemaliza filamu na ananiangalia kama mtu aliyekula chakula cha mwenzake.

Na mimi sikuwa nataka makubwa. Nilitaka picha ya sisi watano: Baba Chris amekaa kwa kiti, mimi kando yake, Chris na Whitney wamesimama, Omolo mdogo kwa magoti. Ikae ukutani juu ya meza, mahali mgeni akiingia anaiona kabla hajasalimia. Nilikuwa nauza omena, dagaa wa ziwani, natembea na karai nyumba kwa nyumba, na kila nyumba niliyoingia ilikuwa na picha ya aina hiyo, na kila picha ilikuwa imepigwa na bwanangu. Kwangu kulikuwa na kalenda ya kampuni ya unga. Wateja walikuwa wananiuliza, wakicheka, kwani bwanako anakuficha? Nilikuwa nacheka nao. Nikitoka nje roho inaniuma kama mtu aliyemeza mwiba wa samaki.

Sasa sikia vile mbwa aliingia kwetu.

Ilikuwa mwaka wa tisini na tano, mwezi wa kumi na moja ukianza, wakati kila mtu anaanza kutaka picha ya kwenda nayo nyumbani. Osewe alikuwa ameshapata wateja mpaka Kawangware, na huko kulikuwa na mlinzi mmoja, Shiundu, aliyekuwa akilinda nyumba ya tajiri mmoja upande wa Lavington. Mbwa wa huyo tajiri alikuwa amezaa. Osewe akampigia Shiundu watoto wake picha, na Shiundu kwa shukrani akampa kimbwa kimoja. Akaja nacho nyumbani ndani ya koti, kichwa tu kimetokeza. Rangi ya chai ya maziwa, masikio yameanguka, miguu minene ya kujikwaa nayo. Nikamwuliza kitakula nini. Akasema kidogo tu. Hiyo kidogo ilikuwa maziwa ya Omolo.

Akakiita Fleshi, kama ile taa ya kamera. Na nitasema ukweli hata kama unaniudhi: alikuwa amepata akili. Watoto wa Kibera wakiwekwa mbele ya kamera walikuwa wanakauka kama wameitwa na chifu. Sasa Osewe anamwekea mtoto Fleshi kwa mapaja, kimbwa kinamlamba kidevu, mtoto anacheka, mama anacheka kwa sababu mtoto amecheka, na hapo ndipo Osewe anabonyeza. Watu wazima nao wakakipenda kwa hesabu yao wenyewe. Mtu mwenye mbwa ana geti. Huko nyumbani wakiona mbwa kwa picha, wataona na geti, na nyuma ya geti wataona nyumba ya mawe, na hakuna mtu ataeleza kwamba nyumba ni ya mabati na choo ni cha ploti nzima. Wiki mbili hazikuisha, watu wakawa wanatuma ujumbe: mwambieni Mapicha asije bila mbwa.

Kila Jumamosi kimbwa kilikuwa kinaogeshwa. Si na sabuni ya kipande, ni ile ya kunukia, na ndani ya karai langu la omena, ati kwa sababu ndilo pana. Kikimaliza kuoga kinachanwa na kitana. Alikuwa anakiongelesha, anakieleza kesho tunaenda wapi, kwa nani, kikae namna gani. Mimi nikimwongelesha alikuwa anajibu "mm". Usiku kililala kwa begi kando ya kamera. Ndiyo, nilimwonea mbwa wivu, usinicheke. Krismasi ikikaribia kilikuwa kimetundikwa kwa kuta nyingi kuliko kalenda, kipo kwa mapaja ya watoto wa watu nisiowajua, na watoto wangu watatu hawakuwa hata kwa ukuta mmoja.

Picha zikirudi kutoka mjini, mimi ndiye nilikuwa nazipanga. Osewe alikuwa anajua mwangaza lakini nyuso zilikuwa zinamchanganya, na mimi sura ya mteja siisahau. Nazitandaza kitandani: wa Raila hapa, wa Kisumu Ndogo hapa, wa Kawangware kule. Siku hiyo alikuwa ametoka kupeleka za watu wa kwaya. Nilikuwa karibu kumaliza rundo la Kawangware nikaona mtu amekaa kwa kiti, amevaa lile koti la begi. Nikaona ni sura ninayoijua. Nikaiweka chini, nikaichukua tena.

Alikuwa ni bwanangu. Amekaa kwa kiti kama mwenye nyumba. Kulia kwake wasichana wawili wamevaa sweta za kufanana. Nyuma yake amesimama mwanamke mweupe mweupe, mwenye bangili ya shaba, na mkono wake wenye hiyo bangili uko juu ya bega la Osewe. Kwa mapaja ya Osewe amekaa Fleshi, ametulia, pua imegusa kidevu cha mtu. Na Osewe anacheka. Si kucheka kwa wateja, ni kule kucheka kwake kwa kweli, macho yanapotea kabisa, ambako mimi nilikuwa nakuona mara moja kwa mwaka.

Niliketi sakafuni. Ile picha niliyoitaka miaka yote, ilikuwa imeshapigwa. Kila kitu kilikuwa mahali pake, kiti, baba, watoto, mpaka mbwa. Ni mimi tu sikuwepo.

Sikumwuliza. Mwanaume ukimwuliza anapata nafasi ya kutengeneza jibu. Kesho yake niliacha omena kwa jirani, nikafunga picha kwa pindo la leso, nikashika njia kwa miguu. Nikavuka Ngong Road, nikapita Dagoretti Corner, nikapanda na Naivasha Road, na njiani nilikuwa nayapanga maneno kama mawe. Kawangware nikaanza kuonyesha watu ile picha. Muuza viazi mmoja akaniambia huyo ni Wayua, fundi wa sweta, nyumba ya pili baada ya posho mill, ile mashine ya kusaga unga. Akaongeza, bila kuulizwa, kwamba hiyo picha imetoka vizuri sana.

Nilimkuta ameketi na mashine yake ya kufuma, mlango wazi. Alipoinua kichwa hata hakushtuka. Aliniambia karibu, Mama Chris. Alinijua. Alisema Osewe alikuwa anasimulia kwamba kuna mama nyumbani asiyesahau sura ya mtu, na kwa vile nilivyoingia nikimkazia macho akajua ni mimi. Hiyo ilinipunguza nguvu kidogo, lakini sikukaa.

Akanieleza, na alieleza bila kulia wala kuomba. Kwao ni Kitui. Baba ya watoto wake, Mutheu na Nduku, alikuwa ameondoka kitambo bila kwaheri. Lakini mzee wake huko nyumbani hakuwa anajua. Mzee alikuwa anaringa nyumbani kwamba binti yake ameolewa Nairobi na mtu wa kazi, na kila aliyekuja alikuwa anatumwa aulize, huyo mkwe tutamwona lini? Kwa hivyo Wayua akaamua kutuma picha. Kiti aliazima kwa posho mill. Redio iliyo kwa meza ilikuwa ya landilodi. Koti na mbwa vikaja na mpiga picha. Kikakosekana kimoja. Alikuwa amemwomba jirani yake, Kiragu, akae kwa kiti kidogo tu, na Kiragu alikuwa amekubali, lakini bibi ya Kiragu akasimama mlangoni akasema bwanake haazimwi. Huyo mama sijawahi kukutana naye, lakini ni rafiki yangu mpaka leo. Osewe alipoona kiti kiko wazi na wasichana wameshavalishwa, akaipanga kamera, akamwonyesha Kiragu mahali pa kubonyeza, akaenda akakaa.

"Nilikuazima mtu wako bila kukuomba," Wayua akasema. "Lakini ilikuwa ni kuazima. Alikunywa chai akarudi kwako."

Nilimwamini. Hilo ndilo lilinikasirisha zaidi, kwamba nilimwamini, kwa sababu yale mawe niliyobeba kutoka Kibera sikuwa na mahali pa kuyatupa. Nikaangalia ile picha tena nikapata jiwe moja.

"Na huu mkono?"

Akauangalia mkono wake kama ni wa mtu mwingine. "Ni yeye aliniambia niweke. Alisema bila mkono tutaonekana watu waliokutana kwa stendi."

Nikamwachia picha yake, nikarudi nyumbani. Njia nzima nilikuwa najiambia, Aoko, hakuna kitu kimetendeka hapa, mtu alisaidia mtu. Na njia nzima nilikuwa naona Osewe anarudi nyuma, anapima kwa jicho moja kama kawaida yake, anaona kuna kitu kimepungua, anamwambia yule mwanamke, weka mkono hapa. Wakati wa kuweka huo mkono alikuwa nao. Filamu ya huo mkono alikuwa nayo. Haikuwa hata ile ya mwisho.

Jioni nilimwambia Osewe nimetoka wapi. Akavua kofia. Akasema wasichana wale walikuwa wamekaa wakikiangalia kile kiti, na yeye hakuweza kupiga kiti kitupu. Nikamwambia watoto wake mwenyewe wamekuwa wakikiangalia kiti kitupu tangu wazaliwe. Nilisema na mengine ambayo majirani waliyasikia vizuri, ukuta wa mabati hauna siri. Mwishowe nikamwambia sitaki maelezo, nataka yangu, na naitaka mwanzo wa filamu.

Na alikubali. Sitamnyima haki yake, alikubali. Jumapili iliyofuata hatukungojea kanisa liishe. Aliweka filamu mpya, akatoa kiti nje mahali pa mwangaza, nikavaa gauni la kijani na viatu vya kisigino vilivyonibana. Watoto walikuwa wameng'arishwa. Boaz, fundi seremala wa mlango wa pili, akapewa kamera, akaonyeshwa mara kadhaa. Watu wa ploti walitoka wote kuangalia. Osewe akakaa kwa kiti, akaniambia nisimame kando yake, nikasimama. Mikono yangu niliiweka mbele, hivi, imeshikana, kwa sababu sikuambiwa niiweke wapi. Fleshi akawekwa kwa mapaja ya Omolo.

Kwa Wayua kilitulia kama kimekunywa dawa. Kwangu, Boaz ameinua kamera, ameshafunga jicho, kikaona kuku. Kikaruka. Omolo akalia, Osewe akainama kukidaka, na Boaz, mkono wa seremala haujui kungoja, akabonyeza.

Ilirudi kutoka mjini imetoka kali sana, safi. Mimi nimekunja uso. Chris na Whitney wanaangalia kuku. Omolo mdomo wazi. Na katikati, mahali pa baba wa nyumba, kuna mgongo wa suruali na nyayo za viatu. Ploti nzima ilicheka wiki nzima. Osewe alicheka mpaka akajishika mbavu, akasema tutarudia, Mama Chris, tutarudia tu. Nikasema usiseme ikibaki. Akasema sitasema. Lakini ilikuwa imeshakuwa Krismasi, watu wamepanga foleni na watoto wao mlangoni, wanataka mbwa, na filamu yote ikaenda kwao. Nilikiangalia kile kimbwa kikiondoka ndani ya koti lake nikakitakia mabaya.

Hatukurudia. Kulikuwa na kila sababu. Kamera ikaharibika ikakaa kwa fundi, Whitney akaugua, mvua, kura, kazi. Fleshi akakua akawa mbwa mkubwa wa kawaida, hakuna aliyemtaka tena kwa mapaja, na siku moja akafuata mbwa wenzake upande wa Nairobi Dam akakaa huko moja kwa moja. Sikumtafuta. Kisha ikaja mvua ya El Niño, maji yakaingia nyumbani yakafika kitandani, na lile sanduku la negativu zake zote likageuka uji. Hata ile picha ya mgongo ilienda. Osewe alikaa akizitenganisha na vidole, moja moja, akiziinua kwa mwangaza, akizirudisha chini. Aliniambia amepoteza watu wengi sana.

Baada ya Pasaka ya tisini na nane alishikwa na kifua. Tulidhani ni baridi. Alipelekwa hospitali akitembea, na sikumrudisha nyumbani akiwa hai. Wazee wa Ugenya wanaokaa Kibera wakaja kupanga safari, na mmoja akauliza kitu cha kawaida ambacho huulizwa kila msiba. Akauliza picha ya kuweka juu ya sanduku iko wapi.

Hakukuwa na yoyote. Kipande chake cha kitambulisho kilikuwa kimebaki ofisini walipotuandikia kibali cha kuzika, na hata hivyo ile sura ya kwa kipande ilikuwa imefutika. Watu wakaenda kuulizia. Kisumu Ndogo, Raila, Silanga, kila ukuta una kazi yake na hakuna ukuta una yeye. Wakawa wanasema ni ajabu. Mimi sikuona ajabu. Nilikuwa najua picha iko wapi na nilikaa nayo moyoni siku nzima, nikitumaini mtu atapata nyingine.

Hakupata. Nikapanda kwenda Kawangware.

Wayua alikuwa ameisikia habari. Picha ilikuwa ukutani, ina fremu, juu ya meza, mahali mgeni anaiona kabla hajasalimia. Nyingine ilikuwa Kitui kwa mzee wake. Sikuhitaji kueleza. Alipanda kwa kiti akaitoa, akaipangusa vumbi na kanga yake, na hapo akaanza kulia. Alilia vizuri, kwa sauti ya chini, na mimi nikasimama na macho makavu nikimwangalia, nikijiuliza huyu analia mtu wa nani. Nilitaka kumwambia bwanangu haliliwi na watu wa kuazima. Badala yake nilisema nitairudisha. Akasema nisiharakishe.

Kijana wa studio mjini aliiangalia akasema uso unaweza kukuzwa ukatoka vizuri sana. Wasichana wanaweza kukatwa. Mwanamke anaweza kukatwa. Mbwa anaweza kukatwa, ingawa sikio lake litabaki kidogo hapa chini kama kivuli cha kola. Lakini mkono umekaa juu ya bega lenyewe, mama, na nikiukata nakata shingo. Aliniuliza tufanyeje. Nilimwangalia Osewe akicheka, macho yamepotea, kidevu kimeinuliwa kwa sababu ya pua ya mbwa ambayo sasa haitaonekana. Nikasema auache.

Tulifika Ugenya asubuhi. Kabla picha haijawekwa juu ya sanduku, mama mkwe wangu aliomba apewe. Macho yake yalikuwa yameanza kumkataa, kwa hivyo akaisogeza karibu, akapapasa kioo kwa vidole, paji la uso, shavu, kidevu. Alipofika begani akasimama. Wanawake wa boma walikuwa wameketi wote hapo.

"Nyar Gem," akaniita, jina wanaloniitia huko kwa sababu nilizaliwa Gem, "huu mkono ni wako?"

Wewe unajua vile kwetu kulivyo. Nikisema si wangu, wataniuliza ni wa nani. Na hawataniuliza kwa ubaya. Watasema basi mtu wetu alikuwa na nyumba nyingine Nairobi, kuna watoto, waitwe, waje wamzike baba yao, huyo mwanamke aonyeshwe mahali pa kukaa. Watatumwa wanaume Kawangware siku hiyo hiyo, na Wayua na Mutheu na Nduku watashuka hapa wakae kando ya sanduku pamoja na wanangu. Niliwaona wakishuka. Niliwaona na sweta zao.

"Ni wangu, mama."

"Na bangili iko wapi?"

"Nimeivua. Ni msiba."

Akatikisa kichwa polepole, akaridhika. Akaushika mkono wangu wa kulia, akauweka juu ya kioo, juu ya ule mwingine, akaufunika na wake. Akawaambia wale wanawake waone, kwamba mwanawe hakuishi Nairobi kama mtu asiye na mtu, kwamba kuna mkono ulikuwa juu yake na yeye alikuwa anacheka. Wakaanza kulia na kunisifu. Mmoja baada ya mwingine walikuja wakanishika huo mkono, wakanipa pole, wakaniambia si kila mke wa mjini angemshika mtu wao hivyo.

Nilizipokea pole zote, machozi yakinitoka. Walidhani namlilia bwanangu, na nilikuwa namlilia, sikatai. Lakini chini ya kiganja changu kulikuwa na ile bangili, na ndani ya roho nilikuwa namwambia Osewe jambo moja. Mwanamke wa kuazima ulimwambia aweke mkono begani kwako. Mimi nilisimama kando ya kiti chako nimevaa gauni la kijani, mbele ya ploti nzima, na hukuniambia.